Nyumba Niliyoitaka Myanga

S.L.P. 1186,
Kitale.
15 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Joy,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye mvua na matope. Hujambo wewe? Shemeji Wanyonyi hajambo? Na yule mdogo, kifua kilipona au bado anakohoa? Ulisema Nanyuki asubuhi baridi inakata masikio. Mvalishe soksi mbili, na usimsikize anayekuambia ati mtoto wa askari azoee. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Nasike yuko kidato cha tatu, amenipita kimo, na akiniuliza kitu siku hizi ananitazama kutoka juu. Baba Nasike ni mzima pia, mgongo tu ndio humsumbua kukinyesha.

Mahindi huku yamefika kiunoni. Mbolea ilichelewa lakini Mungu hakuchelewa, tunashukuru.

Najua unashangaa kupata barua na simu iko. Simu nimeiogopa. Kwa simu ungenikatiza, ungecheka, nami ningepata mahali pa kujificha kama nilivyozoea. Nimempa Mary Ann, binti wa jirani yangu anayefanya kazi huko Nanyuki, akuwekee mkononi. Kaa chini uisome yote kabla hujafanya lolote.

Mwezi uliopita ulinitumia ujumbe ukitaka namba ya fundi aliyejenga nyumba yetu ya Myanga, na picha ya ramani yake. Ukasema Wanyonyi anatoka jeshini Septemba, na mnataka msingi uwe umesimama kwao Kimilili kabla ya Krismasi. Unataka ile ile, ukasema, hata rangi ya mabati. Nikakujibu ramani imepotea. Joy, ramani haijapotea. Iko kwa sanduku, chini ya nguo zangu za kanisa. Nilikudanganya kwa sababu kuituma bila maneno ingekuwa kukuumiza, na kuituma na maneno nilikuwa sijapata roho.

Wewe ile nyumba unaijua kwa siku moja, siku ya maombi ya kuifungua. Uliona taili, uliona madirisha ya vioo, ukapiga picha pale mlangoni na kitenge chako cha kijani. Hujaiona siku ya kawaida. Siku ya kawaida ufunguo uko kwa shemeji Wekoye, mdogo wa Baba Nasike. Mke wake ameanika mahindi sebuleni. Chumba cha nyuma kuna magunia na kuku anaatamia. Zile bafu mbili za ndani hazijawahi kuona maji, maana maji ni ya kisima na hakuna mtu wa kuyapandisha hadi kwa tangi. Ni vyumba kumi na kimoja, na tangu mwaka uanze tumelala humo siku nne. Huku Kitale tunakaa vyumba viwili vya kupanga, na choo tunatumia na familia nyingine tatu.

Sasa utaniuliza, ilikuwaje. Hilo ndilo swali ambalo watu wetu wameshajijibu bila kuniuliza, na mimi nikawaacha.

Maisha ya kambi sina haja ya kukueleza. Miaka ishirini na mbili nimehama mara tisa, na kila ukihama wanakuja na karatasi yao wakague nyumba kabla uirudishe. Wanahesabu balbu. Wanatazama sinki kama lina ufa. Tukiwa Lanet nilipiga msumari mmoja ukutani nitundike picha ya harusi, na siku ya kuondoka nikaambiwa nilizibe hilo tundu na nipake ukuta mzima rangi. Nilipaka nikiwa na mimba ya Nasike ya miezi saba, Baba Nasike akiwa kazini mbali, sina wa kunishikia ngazi. Niliapa siku hiyo kwamba iko siku nitakuwa na ukuta wangu na nitaujaza misumari nikitaka. Halafu tukija likizo Myanga tunalala kwa jiko la mama mkwe, na wake za shemeji wanasema nikisikia, ati mke wa askari mzima hana hata mahali pa kuweka sufuria. Wewe pia umepitia. Kutamani nyumba si dhambi. Mimi nilikosea pale nilipoiacha hiyo tamaa iamue kila kitu.

Mwaka wa mwisho kambini, wale wanaotoka waliwekewa semina ya siku tatu ya mambo ya pesa, na wake wakaalikwa. Nilienda siku moja. Hizo nyingine nilikuwa na wateja wa kushonea nguo, tena nilijiambia hakuna mtu wa ofisini atanifundisha mimi kubana shilingi. Hiyo siku niliyoenda, mwalimu alikuwa mama mmoja anaitwa Chepkorir, mpole, anaongea polepole. Alitutenga, waume upande huu, wake upande ule, kila mtu na karatasi yake. Aandike anachotaka kufanya na kiinua mgongo, halafu mume na mke wabadilishane karatasi.

Mimi niliandika neno moja, nyumba.

Ya Baba Nasike ilikuwa imejaa pande zote mbili, na ule mwandiko wake ulionyooka kama gwaride. Shamba Saboti, ekari tano. Ng'ombe wa maziwa watatu. Cherehani mbili za umeme za Sellah, jina langu kabisa, na kibanda chake mjini, leseni kwa jina lake mwenyewe. Nyumba pia ilikuwepo, chini kabisa, ya vyumba vitatu, mwaka wa tano. Chepkorir alituambia twende nyumbani tuzungumze. Hatukuzungumza. Niliikunja karatasi yake nikamrudishia, nikamwambia asiniaibishe mbele ya wake wa wenzake.

Hilo shamba halikuwa ndoto, Joy. Lilikuwepo. Ngige, aliyekuwa dereva katika kikosi chao, alikuwa amestaafu mapema akarudi Saboti kwa shamba la babake. Kipande kilichopakana na chake kilikuwa kinauzwa, hati safi, mwenyewe yuko hai na anataka kuuzia mtu anayemjua Ngige. Tukaenda kukiona. Mke wa Ngige, Wakonyo, akanizungusha kwa ng'ombe wake, akanionyesha kitabu cha maziwa, akaniambia kwamba tangu aanze hajawahi kumwomba mzee wake pesa ya chumvi. Alikuwa ananiambia kwa wema. Mimi nikamjibu, na kikombe chake cha chai nimekishika hivi, kwamba sikuvumilia kambi miaka yote hiyo ndiyo nije kukamua ng'ombe kwa mashamba ya watu. Wakonyo alichukua birika. Akaniongezea chai. Mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu mpaka kwa masikio.

Baba Nasike hakunigombeza. Tulipofika nyumbani alivua viatu, ndiyo akasema, "Sellah, umefuata amri zangu miaka ishirini na mbili. Hii moja nifuate yako." Nilifurahi nikampikia kuku. Sikuona kwamba huyo mtu hajakubali. Alikuwa anakumbuka ile mimba na ile ngazi, na siku zote ambazo hakuwepo, na hakujua njia nyingine ya kunilipa. Nami nilijua ananionea huruma, nikaitumia hiyo huruma mpaka ikaisha.

Kwa hivyo nataka uelewe vizuri, na uwaambie na wengine. Ile nyumba ni mimi niliyeitaka. Si yeye. Vyumba kumi na kimoja nilivihesabu mimi, taili nilizichagua mimi, na fundi alipotushauri tupunguze nikamwambia ajenge, asihesabu mifuko yangu. Kiinua mgongo kiliingia kwa mawe chote, na mwisho hata geti tulilimalizia na pensheni ya miezi mitatu.

Halafu sikuwa nimeuliza jambo moja ambalo hata Nasike angeuliza. Hilo shamba la Myanga ni la nani? Hati ina jina la babu yao, na babu alikufa hata sijaolewa. Hawajagawana. Kila mwaka wanasema watagawana, kila mwaka kuna mmoja hajafika. Mwaka jana nilipotaka mkopo wa cherehani, nilibeba picha za nyumba mpaka benki, najivuna. Yule kijana wa benki alizitazama moja moja kwa heshima, akanieleza kwamba nyumba iko juu ya ardhi, na ardhi ni ya marehemu. Siwezi kuiuza. Siwezi kuiwekea mkopo. Kupangisha nako, nani atapanga vyumba kumi na kimoja katikati ya mahindi ya Myanga? Nilirudi nyumbani na picha zangu kwa mkoba, na sikumwambia Baba Nasike nilikokuwa.

Mpaka hapo ni ujinga, na ujinga mtu husamehewa. Linalofuata ndilo limenifanya nishike kalamu.

Unakumbuka mazishi ya senge, shangazi yetu, Agosti iliyopita, pale kwetu Bokoli. Wanyonyi alikosa ruhusa kambini, nawe ukabaki. Jioni ya kuamkia mazishi, mjomba aliuliza mbele ya watu, mtu anatumikia serikali miaka ishirini na mbili, anatoka, na bibi yake anapanga vyumba viwili Kitale, pesa ilienda wapi? Alikuwa anauliza kama mzaha. Kule jikoni hakukuwa na mzaha. Mmoja akasema ni pombe. Mwingine akasema Kitale kuna mwanamke. Na nyumba je? Nyumba, wakasema, ni babake na ndugu zake walimsaidia. Joy, Baba Nasike hanywi, wewe unajua, hata kwa harusi hushika soda moja mpaka ikapata joto mkononi. Walinigeukia wote wanitazame. Nilikuwa na ungo mapajani nachagua mchele. Neno moja tu, na hayo maneno yangekufa pale pale. Nikaendelea kuchagua mchele.

Unajua kwa nini? Kwa sababu waliponihurumia, ilikuwa tamu. Maisha yangu yote kwetu nimekuwa Sellah aliyebahatika, mke wa askari, na siku hiyo kwa mara ya kwanza walinisogezea kiti. Senge Cheptoo, shangazi aliyebaki, alinishika bega. Sikutaka kusema kwamba bahati ile niliimaliza mwenyewe.

Na wewe ulinipigia wiki ile kunipa pole. Ulimwita mume wangu jina ambalo sitaliandika hapa. Nikakuambia asante.

Yeye alisikia, maneno hayakosi wa kuyapeleka. Hakuniuliza. Krismasi hakuja Bokoli, akasema amechoka, na Mama akaniambia kumbe ana aibu kwa aliyoyafanya. Nikanyamaza tena. Hiyo ni mara ya tatu, nimezihesabu.

Sasa Machi. Yeye alikuwa ameniambia amepata kazi kwa ofisi ya shule moja ya binafsi upande wa barabara ya Endebess, mambo ya ulinzi na kupanga magari. Sikuuliza zaidi. Mimi nilikuwa nimepata oda ya sweta na sketi za shule, na mwalimu mmoja akanielekeza hapo hapo, sikujua ndiyo ile. Nafika getini na gunia langu la sketi, anayetoka kwa kibanda ni Baba Nasike. Sare ya kijani, filimbi shingoni, rungu. Viatu amevipiga rangi vinang'aa kama vya gwaride. Nyuma yangu kulikuwa na gari la mzazi linapiga honi.

Tulitazamana. Nilidhani ataniacha nipite. Lakini yeye kazi ni kazi, unamjua. Alinipa kitabu cha wageni, akanishikia gunia ili niandike. Jina. Namba ya kitambulisho. Unakwenda kumwona nani. Saa ya kuingia. Niliandika yote, naye akasoma saa kwa mkono wake akaniambia nne na dakika ishirini. Mama wa gari akafungua dirisha akasema, "Soja, si ufungue bana." Akasema samahani madam, akamfungulia. Aliyekuwa na watu thelathini chini yake, wakisimama akipita.

Nilipeleka sketi. Mwalimu alilipa, sikumbuki alisema nini. Nilipotoka, Baba Nasike alinirudishia kitabu niandike saa ya kutoka.

Jioni nililia, yeye akanipakulia chakula. Nilimwomba msamaha kwa nyumba, na kwa Bokoli. Akasema nyumba ni nyumba tu, haijamuua mtu. Kuhusu Bokoli hakusema kitu, na hapo ndipo nilijua penye kidonda.

Tangu siku hiyo tumeanza tena, kidogo kidogo, kwa umri ambao wenzetu wanapumzika. Lile shamba la Saboti lilinunuliwa na mtu anaitwa Kipkosgei, na nikipita hapo naangalia upande mwingine. Ngige ametukodishia nusu ekari ya viazi. Wakonyo alinipokea kana kwamba sikuwahi kusema kitu, na hiyo ilinichoma kuliko angenitukana. Nina cherehani moja, ya kukanyaga, barazani. Nimefungua akaunti kwa jina langu, ya kwanza maishani mwangu, na nina miaka arobaini na saba. Baba Nasike ndiye alisimama na mimi kwa foleni.

Sasa wewe. Una cheti cha saluni, na ulifunga ile saluni ya Isiolo mlipohamishwa, ukasema utafungua tena mkitulia. Joy, tulisema hivyo sote, na hakuna kutulia. Ifungue sasa, hata kiti kimoja, kabla ya Septemba, ili kiinua mgongo kikifika kikupate umesimama. Mimi kilinikuta nimekaa nakingojea. Na umuulize Wanyonyi anataka nini. Umuulize, kisha unyamaze amalize, hata kama jibu halina nyumba ndani yake. Wanaume wetu wamezoea kutii na kuamrisha, hawajazoea kuulizwa. Kama mwisho ni nyumba, iwe ndogo, na shamba la Kimilili ligawanywe kwanza, hati iwe mkononi mwake. Wake za shemeji zako watacheka. Waache. Wakimaliza wataenda kulala kwao.

Ramani nimeitia ndani ya bahasha hii. Sitakunyima, wewe ni mtu mzima. Lakini uitazame na Wanyonyi akiwa karibu, na barua hii aisome.

Mimi nitasimama Bokoli Krismasi niseme haya kwa mdomo wangu, mjomba akisikia. Lakini Krismasi ni mbali, na huyu mtu amebeba mzigo wangu karibu mwaka. Nimejaribu kumpigia Mama mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kuuliza habari za kuku. Kwa hivyo nakuomba, msomee kwa simu pale nilipoandika mambo ya senge na ya mchele, neno kwa neno. Halafu wewe mwenyewe mpigie Baba Nasike. Usiniombee mimi msamaha, hiyo ni kazi yangu. Omba wako.

Nisalimie shemeji Wanyonyi, mwambie tunamwombea atoke salama. Wabusu watoto, hasa huyo wa kifua. Nasike anakusalimu na anauliza kama utakuja Agosti. Ngige na Wakonyo ambao hujawaona nao wanakusalimu, maana nimewaambia habari zako. Mungu awafunike huko mliko, na awape nyumba yenye watu ndani.

Mimi dada yako, ambaye hajawahi kuacha kukupenda,
Sellah.

Nilikuwa nimeshatia sahihi, nikampa Baba Nasike aisome kwa kuwa jina lake limo. Ameisoma yote, akarudi ukurasa wa tatu, akanichukulia kalamu. Utaona pale nilipoandika "Si yeye" ameyakata kwa mstari, na juu yake ameandika "Tulikubaliana." Nimeandika "Si yeye" tena pembeni. Mama akikuuliza, msomee yangu.